Mwaka wa Misumeno Myembamba

Kwenye kilio cha Fundi Rukundo, pale Uvira, mwezi uliopita, binti yake mkubwa alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa sababu zamani, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, nilijitwisha kosa la baba yake ili arudishwe kwenye mashine. Nilimwambia kosa halikuwa la baba yake. Lilikuwa langu, nililifanya mwenyewe, kwa mikono hiyo hiyo aliyoishika. Akatabasamu kwa ule upole ambao vijana huwawekea watu wanaoanza kuzeeka vibaya. "Papa Kashindi alitwambia utajibu tu vile," akasema, akaniletea kiti cha mbele, chini ya turubai, karibu na wachungaji. Nikakaa, nikapewa soda. Nimeandika insha kwa zaidi ya miaka ishirini, nyingi zikihusu ukweli na ugumu wa kuusema, na hili ndilo jambo pekee ambalo nimelisema waziwazi kila nilipoulizwa na halijawahi kuaminiwa na mtu hata mmoja. Kwa hiyo naliandika. Kwenye karatasi, angalau, hakuna mtu wa kunitabasamia usoni.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo kikuu. Nilikuwa na shahada ya fasihi ya Kifaransa, jozi moja ya viatu vya ngozi, na imani kwamba nchi ilikuwa inanisubiri. Nchi ilikuwa na shughuli nyingine. Aliyenihitaji, kwa bahati, alikuwa Mama Nabintu, mjane kutoka Lemera, mwenye karakana ya kupasua mbao karibu na mto Kalimabenge, kwa sababu marehemu mume wake alimwachia mashine kubwa ya wakati wa Wabelgiji pamoja na kitabu chake cha maelekezo, na kitabu hicho hakuna aliyekielewa. Kilikuwa kwa Kifaransa, na mchwa walikuwa wamekisoma kabla yangu. Nikaajiriwa kukisoma, kuandika barua, na kupokea wateja waliopenda kusalimiwa kwa Kifaransa. Wafanyakazi wakaniita Lisansye, yaani mwenye lisansi, shahada ya chuo kikuu, jina ambalo wiki ya kwanza nililipokea kama heshima na wiki ya pili nikaanza kusikia jinsi lilivyotamkwa.

Nilipewa chumba nyuma ya ofisi, kilichojengwa kwa mabanzi, yale maganda ya gogo yanayobaki mbao zikishatolewa. Asubuhi mwanga wa ziwa uliingia kwa mistari, ukanichora kitandani kama daftari. Unga wa mbao ulikuwa kwenye shuka, kwenye chai, kwenye kurasa za vitabu vyangu vitatu. Nikikohoa, nilikohoa unga wa mti wa muvula. Na kila lililosemwa ofisini nililisikia nikiwa nimelala, kwa sababu banzi ni kitu chenye nia njema lakini halifungi. Hivyo ndivyo nilivyosikia, mwezi wangu wa tatu, Mama Nabintu akimwambia Kashindi, mtu wa injini, kwamba misumeno ilikuwa imekwisha.

Niieleze mashine, maana bila hiyo hakuna kisa. Ilikuwa ndefu kuliko mlango wa kanisa. Ilikuwa na magurudumu mawili makubwa ya chuma, moja juu na moja chini, na msumeno wake ulikuwa utepe mrefu wa chuma ulioungwa ncha kwa ncha, ukizunguka juu ya magurudumu hayo, meno yakiangalia mbele na kutoka kidogo nje ya ukingo ili yasisagwe na gurudumu. Gogo lililokwisha kuchongwa pande zote lilisukumwa hapo likapasuliwa kuwa mbao. Injini ya mazutu, yaani dizeli, iliyokuwa uani iliizungusha yote kwa mkanda wa mpira. Gurudumu la juu liliinuliwa na mkono wa chuma, na mwishoni mwa mkono huo vilining'inia vyuma vitatu vya mviringo, kila kimoja kikiwa na uzito wa karibu nusu mfuko wa saruji. Vyuma hivyo ndivyo vilivyoukaza msumeno. Misumeno ya asili ilikuwa na upana wa vidole vitano, na ilikuwa imenolewa na kuungwa hata mafundi wa Bujumbura wakakataa kuigusa. Mpwa wa Mama Nabintu alizunguka mji ule wote akapata mingine mitatu ya urefu ule ule, lakini myembamba, upana wa vidole vitatu tu. Mitatu, na hakuna mahali pa kupata wa nne. "Hii ikikataa," Mama Nabintu alimwambia Kashindi upande wa pili wa banzi, "masini itaenda kwa benye kununua byuma. Minye nitarudi Lemera kulima maharage."

Mtu wa kuifungia mashine misumeno hiyo alikuwa Rukundo. Alitoka Bijombo, juu milimani, ng'ombe wa kwao walipokwisha. Huku chini kando ya ziwa, mtu wa Bijombo asiye na ng'ombe ni mtu ambaye watu hawajui wamweke wapi. Mashine ndiyo iliyomweka. Akiwa amesimama mbele yake, wateja walimwita Fundi na kumwondolea kofia. Akitoka nje ya geti alikuwa "yule wa mulimani". Alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Hakuwa mpole. Watu waliozungumza chini ya turubai mwezi uliopita walimsifu kwa uvumilivu, nami pia nilimsifu hivyo nilipopewa zamu, lakini kwa kweli alikuwa mtu wa kukasirika upesi na kukaa na hasira yake kwa muda mrefu, kama mtu aliyekaribisha mgeni.

Kazi ya kuufunga msumeno wa kwanza ilichukua siku nne. Nilikaa kwenye gogo, kitabu magotini, nikisoma kwa sauti na kutafsiri, naye akifanya mambo mengine kabisa. Msumeno mpana ulikuwa umeyala magurudumu katikati kwa miaka, yakabonyea. Mwembamba ukiwekwa pale ungezama kwenye ule mfereji na kuyumba. Kwa hiyo aliwasha injini polepole, akayanoa magurudumu kwa jiwe mpaka yakarudisha mgongo wake wa zamani. Kisha vile vipande viwili vya mti mgumu vinavyoubana msumeno juu na chini ya gogo usicheze: akavitupa, akachonga vingine vyembamba, akaviloweka kwenye mafuta ya mawese. Kisha kigurudumu kidogo kinachouegemeza msumeno kwa nyuma gogo likisukuma: hakikufikia tena, kwa kuwa mgongo wa msumeno ulikuwa umesogea mbele vidole viwili, akakirefushia mkono kwa kipande cha sipringi ya lori. Hakuna lolote kati ya hayo lililokuwemo kitabuni. Mwishoni alikwenda kwenye mkono wa chuma akaondoa chuma kimoja. Vikabaki viwili.

"Fundi," nikasema, "kitabu kinasema vitatu. Kuna hata picha."

"Kitabu iliandikiwa musumeno munene," akasema bila kugeuka. "Huu iko mwembamba. Ukiuvuta na nguvu ya munene, utakatika."

"Kitabu kimeandikwa na mainjinia."

"Balikuya hapa, bale mainjinia? Baliona huu musumeno?"

Kashindi, aliyekuwa akifuta mikono kwa kitambaa, alicheka hadi akalazimika kukaa. "Lisansye, weye endelea kusoma," akasema. "Sauti yako iko muzuri. Inatusaidia kulala." Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na hakuna kitu katika masomo yangu yote kilichokuwa kimenitayarisha kuchekwa na mtu wa injini. Leo ningelicheka naye. Siku ile nilifunga kitabu na kuweka kidole kwenye ukurasa wenye picha.

Sasa, karakana ile ilikuwa na desturi, nayo iliitwa mkono wa mwisho. Msumeno mpya ukishafungwa, fundi aliita watu wote waje wasimame. Mbele yao aliligeuza gurudumu la juu kwa mkono, mizunguko mitatu kamili, bila injini, wote wakiangalia msumeno unavyokaa. Mzunguko wa tatu ukiisha, aliondoa mkono na kusema, "Yangu." Kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kugusa chochote mpaka injini iwashwe, hata kufuta vumbi, na likitokea lolote, mwenye mkono wa mwisho ndiye aliyejibu, bila maswali mengine. Niliiandika desturi hiyo kwenye daftari langu pamoja na maneno ya kisomi kuhusu jamii na alama zake. Sikuelewa kwamba ilikuwa kanuni ya usalama, tena bora kuliko ya kitabuni, kwa sababu kila mtu uani aliijua na hakukuwa na mchwa ndani yake.

Rukundo aligeuza mara tatu, akasema "Yangu," na ikawa saa ya kula. Tulikula chini ya kibanda cha mabati: bugali ya muhogo, ndagala, yaani dagaa, sombe ya majani ya muhogo, na maziwa ya kuganda ambayo Rukundo aliletewa kutoka juu kwenye bidoni, dumu dogo la njano. Kashindi aliyaonja, akauliza, "Fundi, maziwa iko na siki ao ni mudomo yangu?" Rukundo akamjibu, "Mudomo yako njo iliiharibu." Wote wakacheka, na katika kicheko hicho mtu akasema tena habari ya sauti yangu nzuri. Nikasema nimesahau kitu ofisini. Ofisini sikwenda. Nilikwenda kwenye mashine, nikakiinua chuma cha tatu kwa mikono miwili, nikakitundika pale picha iliposema kitundikwe. Nilikuwa na hakika kabisa. Nilikuwa hata na furaha, furaha ya mtu anayesahihisha daftari la mwanafunzi. Nilirudi nikamalizia ndagala zangu.

Msumeno ulikata hatua mbili za gogo la mti wa libuyu kabla ya kukatika. Sauti yake haikuwa kubwa kama mtu angetarajia; ilikuwa kama kitambaa kinachochanwa, kisha kishindo kimoja. Ncha ilipita kando ya kichwa cha Rukundo, ikamchana koti begani, ikajikita kwenye ukuta wa mabanzi, kiasi cha mkono mmoja juu ya mlango wa chumba changu. Kashindi alizima injini. Mkono wa chuma ulikuwa umeanguka na vyuma vikatawanyika kwenye unga wa mbao, na nilimwona Rukundo akivitazama, kimoja, cha pili, cha tatu. Kisha akanitazama mimi. Mama Nabintu alitoka ofisini, akaona, akauliza swali lililopaswa kuulizwa: "Mukono ya mwisho ilikuwa ya nani?"

"Yangu," Rukundo akasema.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nimeipima mara nyingi nafasi ile, na nadhani ilitosha kusema sentensi mbili, pengine tatu fupi. Sikusema hata moja. Nilijiambia nitasema jioni, akiwa ametulia. Jioni nilijiambia kesho. Kesho yake Kashindi aliwekwa kwenye mashine na Rukundo akapelekwa kubeba mabanzi na kuyapanga kando ya mto, kazi iliyofanywa na yeyote aliyepita akitafuta chakula cha mchana. Watu walisema aliiogopa picha ya kitabu, akakirudisha chuma cha tatu mwenyewe. Hakulalamika, maana desturi ilikuwa desturi, na mkono waliouona watu ulikuwa wake. Lakini kufikia Ijumaa wateja walimwambia "weye wa mulimani, sogea tupite" ndani ya geti, mahali ambapo kabla hawakuthubutu, naye alisogea. Mchana alikula peke yake upande wa mto. Bidoni ya njano haikuletwa tena.

Kashindi alikuwa mtu mzuri wa injini. Aliufunga msumeno wa pili kwa vyuma viwili, kwa sababu hata yeye alikuwa na macho, lakini alisukuma gogo kwa mwendo ule ule wa zamani, kama vile vidole viwili vilivyopungua havikuwa vikifanya kazi yoyote. Msumeno mwembamba ukisukumwa hivyo unajipinda ndani ya mti. Mbao zilitoka nene huku na nyembamba kule, zikiwa na mgongo na tumbo. Wajenzi wa mitumbwi walizipindua, wakazirudisha kwenye mkokoteni wao wenyewe, wakasema watapasua kwa mkono kama babu zao. Wiki ya pili msumeno uliteleza nyuma juu ya gurudumu, meno yakasagwa yote yakalala. Ukabaki mmoja. Usiku ule, niseme jioni maana jua lilikuwa halijazama, nilimsikia Mama Nabintu kupitia banzi akijisemea. "Siku ya posho masini itasimama," alisema. "Benye byuma batakuya lundi." Yaani Jumamosi tunasimama, Jumatatu wanunuzi wa vyuma wako getini.

Nilitoka chumbani, nikaingia ofisini kwa mlango wa mbele kama mteja. Alikuwa anakula. Nikasema, "Mama, kile chuma cha tatu nilikiweka minye."

"Lisansye, ikala kwanza. Kula."

"Mulikuwa munakula. Nilitoka nikakiweka. Fundi alikuwa amekiondoa."

Aliendelea kufinyanga tonge lake. "Rukundo njo alikutuma kusema vile?"

"Hapana. Hatujasemezana tangu siku ile."

"Basi ni roho yako," akasema, na sauti yake ikalainika kwa namna iliyonitia hofu. "Bazazi bako balikulea muzuri. Lakini usinidanganye. Muntu mwenye kusoma mpaka lisansi hawezi kufanya bujinga kama ile."

Nilimweleza ukurasa, picha, kidole changu kwenye picha. Kadiri nilivyoeleza vizuri ndivyo alivyozidi kuguswa na ukarimu wangu. Mwisho alinawa mikono, akamwita Kashindi, akamweleza mbele yangu kwamba Lisansye alikuwa tayari kubeba kosa la Rukundo mgongoni mwake mwenyewe, na kwamba kama mtu wa shule amemwona Rukundo kuwa wa kubebewa, basi na yeye angempa msumeno wa mwisho. Kashindi alinitazama kwa heshima kwa mara ya kwanza. Nimeishi na heshima ile tangu siku hiyo. Ndiyo niliyoikuta imekaa inanisubiri kwenye kilio.

Nilitumwa kumwita. Rukundo alikuwa kando ya mto, juu ya rundo la mabanzi. Nikamwambia anarudishwa kwenye mashine, na kwa nini, na kwamba nilikuwa nimesema ukweli na haukuaminiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo narudi juu ya huruma yako," akasema.

"Unarudi kwa sababu hukukosea."

"Nani anajua sikukosea?"

"Minye na weye."

"Ile haitoshi." Alishuka kwenye rundo, akapangusa mikono. "Sirudi kwa huruma. Kesho minye nitaufunga. Weye utaweka mukono ya mwisho. Mbele ya bantu. Utasema yangu. Na mwenye kusema yangu njo anasimama mbele ya gogo, unajua."

Nilijua. Niliangalia ukuta wa chumba changu usiku huo, na asubuhi mistari ya mwanga iliponichora nilikuwa tayari nimevaa. Rukundo aliufunga msumeno wa mwisho bila haraka. Alilegeza parafujo inayoliinamisha gurudumu la juu, akaliinamisha kidogo, akaligeuza, akaangalia, akainamisha tena, mpaka meno yakatoka nje ya ukingo yote sawa na mgongo wa msumeno ukagusa kile kigurudumu cha nyuma bila kukiegemea. Akatundika vyuma viwili. Cha tatu alimpa Kashindi, akamwambia akakiweke nje ya geti. Akaugonga msumeno kwa kucha, akasikiliza, akaniitikia kwa kichwa. Wote walikuwa wamesimama, na Mama Nabintu mlangoni akiwa amefunga kitambaa cha kwenda kanisani, ingawa haikuwa siku ya kanisa. Niligeuza gurudumu mara tatu. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na baridi. Nilipoondoa mkono nilitaka kusema neno moja tu lakini lilitoka kwa sauti ya mtu anayetahiniwa. "Yangu," nikasema.

Kashindi aliwasha injini. Nilisimama pale ambapo Rukundo alisimama siku ile, na nikagundua kwamba kutoka hapo mtu haoni kitu kingine chochote, si ziwa, si watu, anaona ule mstari unaometameta tu ukishuka mbele ya uso wake. Gogo lilikuwa la muvula. Nikalisukuma.

"Pole," Rukundo akasema nyuma ya bega langu.

Nikapunguza.

"Pole tena. Unasukuma kama muntu iko na mukutano. Sikiliza. Ikianza kulia, weye ndiye unaiumiza. Ngoja ikule yenyewe."

Nikangoja ikule yenyewe. Jasho liliniingia machoni na sikuthubutu kulifuta. Gogo lilipita kwa mwendo wa mtu anayetembea na mgonjwa, na ubao ukalala upande wa pili. Kashindi aliupima kwa kijiti mwanzo, katikati na mwisho, akakiacha kijiti kilale juu ya ubao ili kila mtu akione. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja wa wajenzi wa mitumbwi, aliyekuwa amekuja kuangalia tu, alivua kofia na kuitia kwapani. Nilipasua gogo la pili, na katika la tatu nilikuwa naanza, Mungu anisamehe, kujiona fundi.

Nikahisi mkono begani, upande ule ule ambao koti lake lilikuwa limechanwa na kushonwa.

"Sasa toka hapo," Rukundo akasema. "Ile fasi ni yangu."

Nilitoka.